Jua la Mombasa li tele, mbona mamangu hana vitamini D?

Assalaam aleikum Daktari,

Nakuandikia nikiwa nimechoka na sijui nimsikilize nani. Mamangu ana miaka 78. Tunakaa Mji wa Kale hapa Mombasa, katika nyumba ya zamani ya ghorofa mbili, ngazi zake nyembamba na zimesimama wima. Tangu babangu alipofariki na mama akakaa eda, hakurudi tena kutoka. Eda iliisha, yeye akabaki juu. Husema magoti yanamsumbua na ngazi zinamtisha. Sisi nasi tuliona ni heshima apumzike. Sokoni twaenda sisi, wageni humfuata chumbani, harusini haendi tena. Jua analolipata ni lile linalopita kwenye kioo cha dirisha.

Mwezi uliopita aliamka usiku kwenda msalani. Taa hakuwasha ili asituamshe. Mkeka ukateleza, akaanguka ubavu. Hakuporomoka ngazini wala hakuanguka kutoka juu, ni pale pale alipokuwa amesimama. Tulimkuta chini, mguu wa kushoto umekuwa mfupi kuliko mwenzake na wayo umegeukia nje. Hospitalini walipiga picha wakasema nyonga imevunjika, kwenye shingo ya mfupa wa paja. Zaidi ya wiki ikapita tukichanga pesa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, ndipo akafanyiwa upasuaji. Wamemwekea nusu ya nyonga ya chuma. Sasa yuko nyumbani.

Kabla ya kuruhusiwa alipimwa damu. Vitamini D ikaonekana ni 9, na karatasi inasema iwe 20 au zaidi. Hapo ndipo mzozo ulipoanza. Kakangu mkubwa hataki mama ainuke kitandani mpaka mfupa ushike. Shangazi amempata mkandaji, anataka aje amkande na kuunyoosha mguu kwa mafuta ya karafuu. Dadangu aliyeolewa Maskati ametuma kichupa cha vidonge vya yuniti 50,000. Anasema huko wanawake wengi wamepungukiwa na vitamini hii, nimpe mama kimoja kila siku mpaka apate nguvu. Sijampa bado. Dawa zake za presha ni amlodipini na haidroklorothiazaidi.

Nataka kujua, mtu wa Mombasa anakosaje vitamini ya jua? Je, tungempa vidonge mapema asingevunjika? Na mimi mwenyewe nina miaka 51, hedhi imekatika mwaka jana. Je, niogope?

Binti wa Mji wa Kale

* * *

Waaleikum salaam, dadangu. Mwenyezi Mungu amponye mama, na wewe akupe nguvu, maana kuuguza mzazi huku ndugu wanabishana mlangoni ni mzigo wa pili.

Yapo mawili yasiyongoja, nitaanza na hayo.

Kile kichupa usimpe mama kila siku. Dadako hakukosea kuona kwamba mama anahitaji vitamini D. Kipimo cha nanogramu 9 kwa mililita kiko chini hata ya 12, na chini ya 12 tunahesabu ni upungufu mkubwa. Kidonge cha yuniti 50,000 nacho ni dawa halali, madaktari wanakiandika. Ila huandikwa kimoja kwa wiki, kwa kawaida wiki sita hadi nane, kisha mgonjwa anahamia dozi ndogo ya kila siku. Kikomo cha kila siku kwa mtu mzima asiyesimamiwa na daktari ni yuniti 4,000. Mwenye kumeza 50,000 kila siku amekizidi kikomo hicho zaidi ya mara kumi, na vitamini hii haitoki upesi kwa mkojo kama ilivyo vitamini C. Huingia kwenye mafuta ya mwili ikakaa humo kwa miezi. Ikizidi, kalsiamu hupanda katika damu. Mzee huanza na kiu, kukojoa mara kwa mara, kufunga choo, kichefuchefu na kukosa hamu ya chakula. Baadaye huanza kuchanganyikiwa, na figo huumia. Watu wa nyumbani watasema ni uzee, au ni uchovu wa upasuaji, na wataendelea kumpa.

Kwa mama kuna jambo zaidi. Haidroklorothiazaidi huzifanya figo zizuie kalsiamu isitoke kwenye mkojo, kwa hiyo ikikutana na vitamini D iliyozidi, hatari inaongezeka. Asiache dawa yake ya presha kwa sababu hiyo, na wala asinyimwe vitamini D. Kabla ya kuanza, apimwe kalsiamu na figo, na daktari wa presha aambiwe. Vyote viwili hupimwa kwa damu itakayotolewa mara moja.

La pili ni kitanda. Mwambie kakako, kwa adabu zote anazostahili kaka mkubwa, kwamba hakuna mfupa wa kungojewa ushike. Angekuwa amefungwa plasta mkononi, rai yake ingekuwa na maana. Mama yeye ameondolewa kile kichwa cha mfupa kilichokatika, na mahali pake pamewekwa chuma kilichopigiliwa ndani ya mfupa wa paja. Upasuaji huo hufanywa makusudi ili mzee akanyage chini mapema, kesho yake ikiwezekana. Mpigieni daktari aliyempasua mumwulize swali moja, je, anaruhusiwa kuukanyagia mguu uzito wote? Kwa nyonga ya aina hii jibu huwa ni ndiyo mara nyingi sana. Akishasema ndiyo, kila siku ya kulala ni hasara. Misuli ya mapaja ya mtu wa miaka 78 hunyauka haraka kuliko mnavyodhani. Mapafu hujaa makohozi ikaja nimonia, damu huganda kwenye mishipa ya mguu, vidonda hutoka matakoni na visiginoni. Katika nchi ambazo zimewafuatilia wagonjwa hawa kwa miaka mingi, katika kila wazee 100 waliovunjika nyonga kati ya 20 na 30 hufariki kabla mwaka haujaisha, na baadhi yao huchukuliwa na hayo ya kitandani. Sikuandikii haya ili ulie. Nataka kakako ajue kwamba kumlaza mama ni uamuzi, na una gharama yake.

Mtafute mtaalamu wa tiba ya viungo aje nyumbani, hata mara chache tu, awafundishe namna ya kumwinua. Kwanza akae ukingoni mwa kitanda miguu ikigusa chini, kizunguzungu kipite. Kisha asimame ameshika ile fremu ya chuma ya kutembelea, wewe ukiwa upande wa mguu wa kushoto. Hatua tatu, anakaa. Jioni tena. Apewe dawa ya maumivu nusu saa kabla, kwa sababu mzee anayeumwa hakubali kusimama, halafu watu humwita mkaidi.

Mwulizeni daktari pia ameingilia upande gani wa nyonga. Wakiwa wamepitia nyuma, kwa wiki za mwanzo asikunje nyonga kupita pembe ya mraba, asikalie miguu iliyopishana, asiugeuzie mguu ndani, maana chuma kinaweza kuchomoka. Kwa nyumba zetu hili ni kubwa. Choo cha kuchuchumaa hakimfai. Tafuteni kile kiti chenye tundu na ndoo chini yake, huuzwa maduka ya vifaa vya hospitali, na fundi seremala anaweza kuwatengenezea. Asikae kwenye mkeka wala kigoda cha jikoni. Kitanda chenu kikiwa cha chini, kiinulieni miguu kwa vipande vya mbao imara. Sala aswali kwenye kiti, ruhusa ipo na mama anaijua, ila wazee wetu wengine huona haya kuitumia, kwa hiyo na asikie kwa imamu wenu kama neno lenu halimtoshi.

Mkandaji asiguse mguu huo. Simdharau. Kuna viungo vilivyoteguka ambavyo mikono yao huvituliza. Lakini kuuvuta na kuunyoosha mguu wenye nyonga ya chuma ni kuitoa nyonga mahali pake. Na kama kuna damu iliyoganda kwenye mguu, kuukanda kwa nguvu kunaweza kuibandua ikapanda hadi mapafuni. Shangazi akitaka kumpaka mafuta ya karafuu mikononi na mabegani, ampake, mama atafurahi. Akimaliza, amsaidie kusimama.

Hospitali ikiwa iliwapa sindano za tumboni au vidonge vya kuzuia damu isigande, maliza siku zote walizoandika, hata kama mama anaonekana mzima. Na mkiona mguu umevimba na shavu la mguu linauma, pumzi zinabana ghafla, kidonda kinatoa maji au usaha, ana homa, au mguu umekuwa mfupi tena kwa maumivu makali, hayo si ya kusubiri kliniki. Ni hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa wasomaji wengine ambao hawajafikwa, nyonga ikivunjika kwa mzee huo ni upasuaji wa haraka. Miongozo ya Uingereza inataka afanyiwe siku aliyofika au kesho yake. Najua michango ya ukoo huchukua muda. Lakini kundi la WhatsApp lifunguliwe usiku ule ule na mwenye nacho atangulize, wengine watamrudishia. Siku za kulala na nyonga iliyovunjika ndizo zinazowamaliza wazee kabla hata ya kisu.

Sasa nije kwenye swali lako la jua, ambalo naulizwa na watu wengi wa pwani.

Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta. Jua lake lina nguvu mwaka mzima, tofauti na Uingereza ambako kuanzia Oktoba hadi mapema Machi jua liko chini mno na ngozi haitengenezi vitamini D ya kutosha. Ila jua haliingii mwilini kwa kuishi mjini tu, sharti liguse ngozi. Mwale unaotengeneza vitamini D haupiti kioo cha dirisha. Mama alikuwa anaota joto na mwangaza, lakini ngozi yake ilikuwa haipati kazi. Ongeza umri, maana ngozi ya mtu wa zaidi ya miaka 70 hutengeneza chini ya nusu ya inachotengeneza ngozi ya kijana kwa jua lile lile. Ongeza weusi wa ngozi yetu, ambao unatukinga na kuungua lakini unataka muda mrefu zaidi juani. Ongeza buibui, na vichochoro vya Mji wa Kale ambavyo saa tatu asubuhi bado ni kivuli kitupu. Dadako amesema kweli kuhusu Maskati. Katika nchi za Ghuba, zenye jua kali pia, wanawake wengi wamepimwa wakakutwa na upungufu, kwa sababu hiyo hiyo ya kukaa ndani na kujisitiri vema.

Na upungufu huo huufikiaje mfupa? Vitamini D ikiwa ya kutosha, utumbo hufyonza kama theluthi ya kalsiamu iliyo kwenye chakula, pengine zaidi. Ikikosekana, utumbo hufyonza asilimia 10 hadi 15 tu. Moyo na misuli haviwezi kungoja, vinataka kalsiamu katika damu kila dakika. Basi tezi nne ndogo zilizo shingoni hutoa homoni inayokwenda kuichota mifupani. Mwili unakuwa kama mtu anayeng'oa mabati ya paa lake ayauze apate chakula. Kwa miezi huoni kitu. Kwa miaka, mfupa unabaki mwembamba, na ukipungukiwa sana unakuwa laini, kwa maana mfupa mpya unajengwa lakini haupati madini ya kuukaza.

Misuli nayo hudhoofika, hasa ya mapaja na nyonga. Mtu hushindwa kuinuka kwenye kiti bila kujisukuma kwa mikono, ngazi humshinda, huyumba akitembea, mifupa ya mapaja na mbavu huuma ikibonyezwa. Nimesoma mara mbili mstari wako unaosema magoti yanamsumbua na ngazi zinamtisha. Siwezi kumpima mtu kwa barua, na magoti ya umri wake yana sababu nyingi. Lakini nikikusanya kipimo cha 9, kukaa ndani kwa miaka na ngazi kumshinda, nashuku kwamba udhaifu huo ulianza kwa upungufu huu, na kukaa ndani kukauzidisha. Alikosa nguvu za kushuka, kwa kuwa hakushuka akakosa jua, kwa kukosa jua akapungukiwa nguvu zaidi. Katika familia zetu nyingi mzunguko huu unaitwa kumpumzisha mzee.

Ulitaka kujua kama vidonge vingemwokoa. Nitakujibu kwa ukweli ulivyo, na ukweli wenyewe una pande zake.

Mwaka 1992 Wafaransa walitangaza utafiti wa wanawake 3,270 waliokuwa wakiishi katika makao ya wazee, wastani wa umri wao miaka 84. Nusu walipewa yuniti 800 za vitamini D na gramu 1.2 za kalsiamu kila siku, nusu wakapewa vidonge vitupu. Baada ya miezi 18, waliovunjika nyonga katika kundi la dawa walikuwa pungufu kwa asilimia 43. Ni matokeo makubwa, na yalifanya dunia nzima iamini kwamba kila mzee akipewa vidonge hivi nyonga zitasalimika. Haikuwa hivyo. Mwaka 2006 Marekani ilitoa majibu ya wanawake 36,282 wa miaka 50 hadi 79, ambao nusu yao walipewa kalsiamu na yuniti 400. Nyonga hazikupata kinga ya kuaminika, na mawe ya figo yaliongezeka. Mwaka 2022, tena Marekani, watu karibu 26,000 waligawanywa, nusu wakapewa yuniti 2,000 kila siku, na hawakuvunjika mifupa kidogo kuliko wenzao. Tofauti iko kwa waliopewa. Wafaransa wale walikuwa wazee sana, wa ndani, waliopungukiwa kweli. Wamarekani wengi walikuwa watu wanaotoka nje na wenye vitamini ya kutosha, na aliye na ya kutosha hafaidiki kwa kuongezewa.

Kuna utafiti mmoja ningependa dadako ausome. Huko Australia, wanawake 2,256 wa miaka 70 na zaidi waligawanywa, kundi moja likapewa yuniti 500,000 kwa mkupuo, mara moja kwa mwaka. Majibu yalitoka 2010. Waliopewa dozi hiyo kubwa walianguka zaidi na walivunjika mifupa zaidi kuliko ambao hawakupewa. Nia ilikuwa njema, dozi ndiyo iliyowadhuru.

Mama yako anafanana na wale wa Ufaransa kuliko wa Marekani. Kwa hiyo ndiyo, kidonge kidogo cha kila siku kwa miaka kadhaa huenda kingemsaidia. Kwamba kingezuia usiku ule, hakuna awezaye kukuapia. Mkeka ungeteleza vile vile, taa ingekuwa imezimwa vile vile. Usijibebeshe hatia hiyo, dada.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kile ambacho sikukiona kwenye barua yako. Umenitajia upasuaji, dawa za presha na vitamini. Hakuna mahali uliposema mama amepewa dawa ya mifupa. Mtu aliyepita miaka 50 akivunjika nyonga kwa kuanguka kutoka kimo cha kusimama, tayari mfupa wake umejieleza kuwa ni dhaifu, hata bila kipimo cha mashine. Nyonga ya kulia imejengwa kwa mfupa ule ule. Hospitali nyingi hutengeneza iliyovunjika vizuri sana kisha humruhusu mgonjwa, na hakuna anayeishughulikia ile iliyobaki.

Dawa zipo. Mojawapo ni asidi ya zoledroniki, dripu inayotolewa mara moja kwa mwaka. Katika utafiti uliotangazwa 2007, wagonjwa 2,127 waliokuwa wametoka kufanyiwa upasuaji wa nyonga waligawanywa. Waliopata dripu hiyo ndani ya siku 90 baada ya upasuaji walipungukiwa na mivunjiko mipya kwa asilimia 35, na vifo vyao vilikuwa pungufu kwa asilimia 28. Mama bado yumo ndani ya muda huo. Kuna pia alendroneti, kidonge cha mara moja kwa wiki, ni rahisi kwa bei lakini kina masharti. Humezwa asubuhi kabla ya kula, kwa glasi nzima ya maji, na mzee akae wima nusu saa bila kulala wala kula, la sivyo kitamuunguza koo la chakula.

Na hapa ndipo vitamini D inapopata umuhimu wake wote kwa mama. Dripu hiyo ikitolewa kwa mtu mwenye 9, kalsiamu ya damu inaweza kushuka ghafla. Atakakamaa misuli, vidole vitakufa ganzi, hata moyo unaweza kwenda kombo. Lazima upungufu uzibwe kwanza, na figo ziwe zimepimwa. Kwa hiyo mpango unaofaa kupelekwa kwa daktari ni huu. Damu ipimwe kalsiamu, fosfeti na figo wiki hii. Vidonge vya 50,000 vitumike kimoja kwa wiki kwa wiki atakazosema yeye. Hata vya Maskati vyaweza kutumika hivyo akivikagua. Kisha yuniti 800 hadi 2,000 kila siku bila kukatiza. Na siku hiyo hiyo mumwulize kwa kinywa wazi, "Daktari, na dawa ya mifupa yenyewe, lini?" Akisema haimfai, aseme kwa nini. Vitamini humezwa pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, kwani huyeyuka kwenye mafuta. Mchuzi wa samaki wa nazi unatosha kabisa.

Samaki huyo huyo ana kazi nyingine. Jodari, vibua na dagaa wana vitamini D kiasi, na dagaa wakiliwa na miiba yao hutoa kalsiamu. Maziwa, mtindi na ufuta pia. Wazee wetu wengi hushindia chai na mkate, na misuli haijengwi kwa chai. Yai asubuhi, kunde au samaki mchana, kila siku, hasa miezi hii ya kupona.

Jua pia mrudishieni, kwa stara yake. Kama nyumba ina ua wa ndani au sehemu ya wazi juu, mtengeeni saa ya wanawake watupu, afunue mikono mpaka mabegani na miguu mpaka magotini. Wakati unaofaa ni ule ambao kivuli cha mtu ni kifupi kuliko yeye mwenyewe. Dakika 15 hadi 30, mara kadhaa kwa wiki, akiwa na maji ya kunywa. Kwa umri wake na kiwango alichonacho sasa, jua pekee halitamfikisha, kwa hiyo lisichukue nafasi ya vidonge. Atafaidika nalo kwa njia nyingine, kwamba ili alifikie itabidi ainuke na atembee.

Mkeka uondoke njiani kutoka kitandani hadi msalani, na taa ndogo iwake usiku kucha. Champali zilizolegea zitupwe, avae kiatu kinachoshika kisigino na chenye soli isiyoteleza. Ngazi ziwekwe vishikio pande zote mbili. Apimwe macho, maana mtoto wa jicho huwaangusha wazee wengi na upasuaji wake ni mdogo. Apimwe presha akiwa amelala na kisha akiwa amesimama, kama inashuka sana akisimama dawa zirekebishwe. Kidonge cha kukojoza, yaani ile haidroklorothiazaidi, akimeza asubuhi hataamka mara nyingi usiku. Na mwambieni, mkirudia mpaka achoke kuwasikia, kwamba kuwaamsha usiku si kuwasumbua.

Nimalizie na wewe. Usiogope, ila usijisahau. Mzazi akivunjika nyonga, mtoto wake anahesabiwa kuwa na hatari zaidi, na miaka ya kwanza baada ya hedhi kukatika ndiyo mfupa hupungua kwa kasi. Kwa umri wako mahitaji ya vitamini D ni yuniti 600 kwa siku, na kwa kuwa wewe ndiye unayekwenda sokoni, huenda unazipata bila kujua. Kama unajisitiri mwili mzima na kazi yako ni ya ndani, kidonge cha 600 hadi 1,000 hakina ubaya. Huna haja ya vya 50,000. Panda na ushuke hizo ngazi zenu, na unyanyue vitu vizito kwa kiasi chako, kwani mfupa hukazwa kwa kubebeshwa uzito. Siku utakayompeleka mama kliniki, mweleze daktari umri wako, mwaka hedhi ilipokatika na nyonga ya mama. Mwulize kama ni wakati wa wewe kufanyiwa kipimo cha uzito wa mifupa, au kingoje miaka michache.